Nafasi ya Vidole Viwili

Mimi ni mtu mkubwa. Futi sita na inchi tano, mabega mapana, na mapaja ambayo fundi cherehani wangu kule Nakuru aliyapima mara mbili akidhani tepu imemdanganya. Tangu darasa la kwanza nimekaa nyuma ili nisiwazibe wenzangu. Kwenye picha za harusi yetu nimesimama ngazi moja chini ya mke wangu. Popote ninapoingia, kuna mtu anasogezwa kwa sababu yangu.

Nilipofikisha miaka arobaini na minane, nikiwa nafundisha kemia hapa Durban na mabinti wetu wawili wamekwenda kusoma mbali, nilitaka kitu kimoja ambacho mwili wangu haujanichagulia. Nilitaka gari la spoti. La viti viwili, la chini, la otomatiki, rangi ya buluu iliyokolea.

Nililipata mtaa wa Overport, kwa daktari wa meno mstaafu, Mhindi mfupi mwenye mikono safi kama ya mtoto. Aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwani pale getini kwake, na nikaona jinsi uso wake ulivyobadilika.

"Ndugu yangu," aliniambia, "kaa ndani nusu saa kabla hujaniambia neno lolote. Gari hili ni kama kiatu."

Akanieleza namna ya kujipima. Ngumi iliyokunjwa ipite kati ya kichwa na paa. Kifundo cha mkono kifike juu ya usukani bila mgongo kuachana na kiti. Mguu utoke kwenye mafuta uende kwenye breki bila goti kugusa kitu. Alisema pia ana rafiki anayeuza gari jingine la aina hiyohiyo, kubwa kidogo, lenye milango mirefu na kiti kinachorudi nyuma zaidi. Akanionyesha picha yake kwenye simu. Nikaona gari la baba mwenye familia. Nikamrudishia simu yake.

Niliingia lile la buluu kwa awamu: kalio, kichwa, mguu mmoja, mguu wa pili. Nyuma ya kiti kulikuwa na ukuta wa chuma, kwa hiyo hakikurudi hata inchi. Nikakunja ngumi na kuipeleka juu ya kichwa. Haikupita. Nikashusha kidevu kidogo, nikalegeza shingo, na ngumi ikapita. Yule mzee alikuwa amesimama upande wa pili akipokea simu. Hakuona. Nasema haya kwa sababu watu wakinihurumia huwa wanasema sikujua. Nilijidanganya mwenyewe, mchana kweupe, katika swali la kwanza kabisa la mtihani.

Mke wangu alipoliona alilizunguka mara mbili. Yeye ni mtu wa maneno machache; kazini kwake maabara ya hospitali wanamwita wakitaka jambo lihakikishwe.

"Baba watoto," alisema mwishowe, "mbona unakaa kama mtu aliyefungiwa kwenye sanduku?"

"Nitapeleka kiti kwa fundi. Kitashushwa."

Fundi huyo ni Mrundi, anashona viti vya magari katika gereji ndogo upande wa Cato Manor. Tulikuwa tunafahamiana kanisani. Aling'oa kile kiti, akachana ngozi kwa wembe, akaanza kupunguza sponji vipande vipande, na kila mara alikirudisha na kuniambia nikae. Baada ya mara ya tatu kichwa changu kiliacha kugusa paa. Nilifurahi. Yeye hakufurahi. Alichuchumaa mlangoni akawa anaangalia magoti yangu, si uso wangu.

"Patron, zungusha usukani kidogo."

Usukani ule haukuwa duara kamili. Sehemu ya chini ilikuwa bapa, kama sahani iliyokatwa ukingo, na usukani ukiwa umenyooka ilibaki nafasi ya vidole viwili juu ya mapaja yangu. Nilipouzungusha, sehemu bapa ilipanda juu, na ile ya mviringo ikashuka. Ikagusa suruali. Nikazungusha zaidi. Ikakaa juu ya paja langu la kulia na kulikandamiza.

"Unaona?" alisema. "Kwa barabara ya kunyooka, hakuna shida. Lakini kona mukali, mguu yako itatoka namna gani kwa mafuta?"

"Nitauvuta."

"Vuta sasa."

Nikavuta. Haukutoka mpaka nilipourudisha usukani.

Fundi alisimama, akajifuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mimi nashona viti," alisema. "Mwili ya mutu siwezi kushona. Eish, kaka. Rudishia huyu mzee gari yake."

Nilicheka. Nikamwambia nitazoea.

Kwa wiki tatu nilizoea kweli, au nilidhani nimezoea. Barabara ya kando ya bahari imenyooka, na asubuhi nikielekea kazini nilihisi lami ikipita karibu na mgongo wangu, nikasikia ule mngurumo, nikaona watu kwenye roboti, yaani taa za barabarani, wakigeuza shingo. Nilikuwa chini kuliko kila mtu. Sikuwahi kuwa chini kuliko mtu yeyote maishani mwangu. Furaha hiyo sitaikana.

Lakini nilianza kuchagua njia. Niliacha ile ya mkato yenye kona kali, kisha nikaacha maegesho ya ghorofa. Usiku mguu wa kulia ulikufa ganzi, na asubuhi nilikuta mstari mwekundu juu ya paja, umepinda kama mwezi mchanga. Nilivaa suruali haraka kabla mke wangu hajaingia chumbani.

Wiki ya nne nililazimika kuingia maegesho ya ghorofa ya duka moja. Njia ya kupanda ilijikunja yenyewe. Nilikata usukani wote, nikakanyaga mafuta kidogo ili gari lipande, na nilipotaka kuachia, mguu haukuondoka. Hakukuwa na kishindo. Gari liliendelea tu kupanda, taratibu, kwa utulivu ambao bado nauota, hadi ubavu wake ukaparuza nguzo. Nikanyoosha usukani, paja likafunguka, nikapata breki. Hapakuwa na mtu. Nilikaa pale nikipumua kwa mdomo, na nyuma yangu mtu akapiga honi.

Siku hiyohiyo nilipaka rangi ile mikwaruzo. Nyumbani sikusema kitu.

Sisi tunaishi Bluff, kwenye barabara ya mteremko, na nyumba yetu iko upande wa juu. Kuingia, unakata kushoto kwa nguvu na kupanda hapohapo. Kwa kawaida nilikuwa nakuja kwa upana, napanda ukingo wa pili wa barabara kwanza, nikinyoosha kadiri niwezavyo. Jumapili moja mchana tulitoka kanisani, mke wangu kando yangu akiwa na kofia yake mapajani kwa sababu humo ndani haikuwa na pa kukaa. Umeme ulikuwa umekatika, geti halikufunguka kwa rimoti. Akashuka kulisukuma kwa mkono. Gari la jirani lilikuwa limeegeshwa ukingo wa pili, pale nilipozoea kupanda, kwa hiyo nafasi ya kuja kwa upana haikuwepo.

Nililiona hilo. Nilifikiria kumwambia asogee mbali. Nilifikiria pia kuacha gari barabarani nisubiri jirani atoke. Yeye alikuwa amesimama ndani ya geti, mkono mmoja juu ya chuma, ananiangalia kwa uvumilivu wa mtu mwenye njaa. Nikakata usukani.

Paja lilibanwa. Nilihisi na nikajua, kwa wakati mmoja. Gari lilisita kwenye mwinuko, na mguu wangu, ambao ulikuwa umeshakandamiza ili lipande, ukabaki hapohapo ukikandamiza. Likaruka. Nilimwona mke wangu akifungua mdomo. Nilimwona akirudi hatua moja nyuma, hatua moja ya kutosha kumfikisha ukutani.

Sauti haikuwa kubwa.

Ninachokumbuka zaidi ni kilichofuata. Injini nilizima. Nilifungua mlango, na mlango ukagonga nguzo ya geti na kusimama. Nafasi iliyobaki ilikuwa ya kupitisha mkono na bega. Mtu wa kawaida angejipenyeza. Mlango wa pili sikuweza kuufikia. Nilikuwa nimezama kwenye kile kiti kilichochimbwa kwa ajili yangu, usukani juu ya mapaja, na nilimsikia mke wangu akiita jina langu, si kwa kupiga kelele, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu gizani. Nilimjibu, "Niko hapa, niko hapa." Nilikuwa mita mbili kutoka kwake na sikuweza kumgusa.

Jirani yetu, mama wa Kizulu anayeuza maua, alikuja mbio na blanketi. "Hawu, baba, toka!" alinifokea. Nikamwambia siwezi. Alinitazama kama mtu ambaye hajaelewa Kiingereza changu. Kisha akaelewa. Akaita wanaume wawili, nikaweka gia huru, wakasukuma gari nyuma nami nikiwa ndani kama mzigo. Hapo ndipo nilipotoka.

Mguu wake wa kushoto ulivunjika sehemu mbili chini ya goti. Waliuwekea vyuma na skrubu. Siku ya tatu, hospitalini, aliniuliza jambo moja.

"Ulijua?"

Nilikuwa nimeandaa maneno kuhusu mwinuko, kuhusu gari la jirani, kuhusu umeme. Nikamwambia, "Ndiyo." Nikamweleza ngumi na kidevu, fundi na swali lake, nguzo kwenye maegesho, rangi. Nilisema yote nikitazama sakafu. Nilipomaliza aligeuza uso dirishani na akakaa hivyo mpaka wauguzi walipokuja kunitoa. Kwa siku nane hakusema nami ila maji, mto, asante.

Fundi alikuja kumtazama na sufuria ya maharage na ndizi. Hakunikumbusha neno lolote. Alinishika bega tu wakati wa kutoka, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nililia mbele ya mwanaume mwingine.

Gari nililiuza kwa mwalimu wa kuogelea, mwanamke mfupi mwembamba, baada ya kumsimulia kila kitu. Alikaa ndani, akazungusha usukani mpaka mwisho, kushoto, kulia, na magoti yake hayakuguswa hata kwa bahati mbaya. Aliondoka akishuka ule mteremko kama mtu aliyezaliwa humo. Fundi alimrudishia sponji.

Mke wangu sasa anatembea bila fimbo, ingawa siku za mvua anachechemea. Tuna gari refu la kijivu, kiti kinarudi nyuma mpaka mwisho, wala sioni haya. Umeme ukikatika, bado ni yeye anayeshuka kufungua geti; amekataa nifungue mimi. Analisukuma, kisha anatoka nje, anavuka barabara, anasimama nyuma ya mti wa jirani. Hapo anasubiri mpaka nimeingia, nimezima injini, nimefungua mlango na kutoka, nikasimama mahali ambapo anaweza kuniona mzima mzima. Ndipo anapovuka. Sijawahi kumwambia aache.