Maana ya Renée

Harufu ya ubani ilipanda ngazi kutoka nyumba ya chini, ikajaa chumbani alimolala mama yangu na mtoto wa siku chache. Bi Rukia, mwenye nyumba wetu pale Langoni, aliufukiza kila asubuhi tangu mama ajifungue, akisema mzazi asiyefukizwa huingiwa na baridi. Sisi tulikuwa watu wa bara, Wakikuyu na Wakristo. Baba alikuwa karani wa serikali aliyehamishiwa Lamu miaka ya mwanzo ya uhuru, nami nilikuwa na umri wa miaka minane. Niliipenda harufu ile, kwa sababu kabla yake nyumba yetu ilikuwa ikinuka dawa tu, kisha ikawa hainuki chochote. Mdogo wangu Wambui alikuwa amekufa kwa homa.

Kwetu jina la mtoto halichaguliwi. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, ndiyo maana mimi ni Njeri. Wa pili hupewa la mama yake mama. Wambui ni nyanya yangu, na wakati huo alikuwa hai kule bara, akingoja kusikia kwamba jina lake limepata mtu tena. Mama alikataa. “Jina hilo nimelizika,” alimwambia baba. Baba naye aliona kwamba kumnyima mkwewe jina ni kumtukana. Akaenda kwa mtawa mmoja Mfaransa aliyekuwa akitibu wagonjwa mjini, akamweleza shida yake, na mtawa akampa jina Renée. Mtoto akabatizwa. Mama aliambiwa tu kwamba ni jina zuri la Kifaransa.

Bi Rukia alilijaribu mdomoni. “Rene. Haya, si baya. Nilikuwa nishachoka kungoja, Mama Njeri. Hata paka wangu ana ina!” Ina ni jina kwa Kiamu chake. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Kisha mtawa akaja kumwona mtoto. Alikuwa mwanamke mpole, na kwa Kiswahili chake cha taratibu alitaka kumfariji mama. Akasema jina lile maana yake ni aliyezaliwa tena.

Mama alikuwa akinyonyesha. “Nani amezaliwa tena?” aliuliza.

Mtawa akamtazama baba, aliyekuwa ameketi nasi. Mama akamgeukia baba. “Kwa hiyo umemwita Njoki kwa Kifaransa.” Njoki, kwa lugha yetu, ni yule aliyerudi. Akamtoa mtoto titini, akanipa mimi.

Hakumtupa. Alimwogesha, alimlisha, alimfunika. Ila kuanzia siku ile alimwita “huyo”. Nilikuwa nikimwendea na kusema kwa sauti, “Mama, Renée analia,” nikitumaini kwamba ulimi wake utanifuata. “Mlete huyo,” alikuwa akijibu. Bi Rukia alimsihi, baba alimsihi. Nyanya alituma ujumbe kwamba yeye hana kinyongo, mtoto aitwe lolote. Haikusaidia.

Masika ilipofika, mtoto akashikwa na homa kama ile ya mwanzo. Mama alimpakata tangu alfajiri. Mchana mtoto aliacha kunyonya, macho yakabaki nusu wazi. Ndipo mama akainama, akaita, “Wambui. Wambui, nyonya.” Baba, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaufunika uso wake. Mtoto alinyonya. Sikujua kama nifurahi. Alipopona, mama alirudi kwenye “huyo”, na jina lile lingine hakulitaja tena.

Sikusoma shule nyingi, lakini nimesoma kamusi nyingi. Renée limetoka katika Kilatini. Wakristo wa kale walilitumia kwa waliobatizwa: aliyezaliwa tena ni mbatizwa mwenyewe, kwa maji, wala si marehemu aliyerudi. Baadaye wazazi wengine walimpa jina hilo mtoto aliyezaliwa baada ya marehemu, na nadhani hiyo ndiyo maana aliyoijua mtawa. Siku hizi watu huchagua jina kwa uzuri wa sauti yake, na mdogo wangu, ambaye sasa ana wajukuu, husifiwa kwa lake kila aendako.

Nilipopata uhakika nilimpelekea mama maelezo hayo, akiwa mzee na masikio yake bado mazima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema nimesoma vizuri. Kisha, Renée akiwa ameketi palepale kando yake, akaniuliza kama huyo amekwisha kula.