Kura Yangu Niliipeleka Bumula

Nakumbuka asubuhi ile nilipanda lori hapa Matisi, mtaa huu wetu wa Kitale, nikiimba, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka naona haya. Nilikuwa na umri kama wako hivi. Nimeoa, nina mtoto mmoja, Nafula, na nina kichwa kubwa yenye ndani ilikuwa na vyumba vingi vitupu vya kukodisha. Shule niliachia darasa la saba. Mwalimu aliniambia nirudie mwaka, nikamwambia arudie yeye kwanza. Basi nikawa fundi wa baiskeli, na domo yangu ndiyo ilikuwa inaleta wateja kuliko hiyo ufundi.

Wakati ule Matisi haikuwa na bomba. Maji tulikuwa tunachota kwa kile kijito cha chini. Mvua ikinyesha, vyoo vya ploti za juu vinateremkia humohumo. Kila mtu alijua. Tulikuwa tunaambiana tu, chemsha.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja anaitwa Selina, muuza nyanya. Siku moja akasema anasimama kuwa kansela, yaani diwani, wa mtaa wetu. Hakuwa na gari, hakuwa na spika. Alikuwa anatembea mlango kwa mlango na ndoo tupu kichwani. Akifika kwako anaiweka chini, anasema, "Nipeni kura niwaletee bomba. Mimi sina ahadi ingine." Nilimpenda sana huyo mama. Akipita karibu na kibanda yangu nilikuwa napiga kelele, "Mama Bomba! Mama Bomba!" watu wote wanacheka.

Shida ilikuwa moja. Kura yangu haikuwa Matisi.

Ilikuwa hivi. Wakati wa kuandikisha, alikuja Simiyu kutoka kwetu Bumula. Huyo ni bakoki yangu, tulitahiriwa msimu mmoja, na wewe unajua bakoki akikuitisha kitu huwezi kataa. Atakutukana mbele ya wakwe zako na hakuna mtu atamkemea. Yeye pia alikuwa anataka ukansela, lakini huko Bumula.

Akaniuliza, "Wanjala, wewe ni mtu wa Kitale siku hizi?"

"Mimi? Kitale ni ya kutafuta tu, bana."

"Basi kuja uandikishe kura nyumbani. Ama wewe hutazikwa kwetu?"

Hapo akanimaliza. Nikaona ni kweli, mtu anapiga kura pale kaburi lake litakuwa. Na mtu anaandikishwa mahali pamoja tu, si pawili. Tukatoka wanaume kumi na wanne kwa hizi ploti zetu, wote watu wa kuambiwa neno moja tu na kubebwa, tukaenda kuandikishwa Bumula.

Sasa siku ya kura yenyewe lori ikatuchukua. Tuliimba njia yote. Tukapanga laini, tukapiga, tukapewa chai, tukarudi jua bado iko juu. Nikashuka nimeinua kidole yangu yenye wino kama mtu ameshinda mbio. Mama Selina alikuwa amekaa kando ya nyanya zake.

"Hiyo wino ni ya wapi, baba Nafula?"

"Ya Bumula, mama. Lakini roho yangu ilikuwa na wewe hapa."

Akaangalia kidole, akaniangalia mimi.

"Na maji unakunywa ya wapi?"

Mwanangu, mimi sikosagi jibu. Hata kwa matanga watu wananiambia ninyamaze. Siku hiyo niliingiza kidole mfukoni nikaenda zangu.

Kesho yake wakasoma matokeo. Mama Selina alikuwa ameshindwa na kura tisa. Tisa! Na kwa lori tulikuwa kumi na wanne. Huko Bumula Simiyu alishinda na kura nyingi sana, mpaka siku ya kushukuru watu alishukuru hata kwaya, sisi wa Kitale akatusahau.

Halafu mvua ndefu ikakuja.

Nafula wangu alikuwa na miaka minne. Kila baiskeli alikuwa anaiita "ya baba," hata ile ya polisi. Mama yake alikuwa anachemsha maji kila siku, lakini mtoto ni wa kucheza, na mtoto akisikia kiu hangoji jiko. Tumbo ilimshika Jumanne. Alhamisi alikuwa amenyamaza. Tukampeleka Bumula kumzika, na lori yenye ilipatikana ilikuwa ni ile ile. Siku hiyo hakuna mtu aliimba.

Basi kura yangu na mtoto wangu, vyote nilipeleka pahali pamoja.

Mama Selina alikuja matanga. Alikaa chini na bibi yangu, akamshika mkono. Mimi aliniambia tu, "Pole, baba Nafula." Nilingoja anigombanishe. Hakunigombanisha. Mpaka leo nangoja.

Sisemi bomba ingefika kabla ya hiyo mvua. Pengine ingechelewa, pengine hao wakubwa wangemzungusha. Sijui. Hiyo kutojua ndiyo mimi huamka nayo.

Nilihamisha kura yangu nikaileta Matisi. Bomba ilikuja baada ya miaka mingi, na Mama Selina hakuikuta, alikuwa ameshazikwa.

Sasa juzi, watu wa kuandikisha kura wameweka meza na ile mashine ya vidole hapo sokoni, nikakuuliza kama umeenda. Ukaniambia, "Ah, mzee, si nitaandikisha nyumbani Desemba tukienda." Nikacheka vile huwa nacheka. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa peke yangu.

Kwa hivyo sikiza, nitaongea mara moja bila mzaha, na kwangu hiyo ni kazi ngumu. Andikisha kura pale unalala na pale mtoto wako anacheza. Huo mtaro wa maji taka umefunguka karibu na nasari ya watoto, MCA wa Bumula, hao makansela wa siku hizi, hataujua, wa hapa ndiye wa kuulizwa. Kama uliandikwa kwingine, hamisha mapema, usingoje wiki ya kura, watakuambia daftari imefungwa. Na siku ikifika, enda upige, hata kama laini ni ndefu na jua inachoma. Bakoki akikuuliza kama hutazikwa kwenu, mwambie utazikwa. Udongo ya Bumula haiulizi mtu kadi ya kura.

Meza iko hapo sokoni mpaka Ijumaa. Enda na kitambulisho.

Na sasa lete kichwa nikushike. Mungu akupe maji safi na miaka mingi, mwanangu. Akupe watoto, na hao watoto wakuzike wewe, wewe usizike hata mmoja.