Plastiki Iliyozungushwa Nguzo

Dainess alianza kutengeneza maandishi yanayokunjika katika chumba cha ghala la baba yake mdogo, Ujiji. Alilaza karatasi mbili za plastiki laini, katikati akatandaza wino wenye chembe ndogo kuliko vumbi. Umeme kidogo ukipita, chembe nyeusi hupanda, nyeupe huzama, neno likatokea. Nalo hubaki hata umeme ukikatika.

Alitaka kuizungusha plastiki hiyo kwenye nguzo ya mwalo wa Kibirizi, maboti yanapotia nanga, ili wavuvi wasome onyo la upepo wakiwa majini au nchi kavu. Kioo cha kawaida hakipindiki kuzunguka nguzo. Tena wapagazi na magunia yao wangekivunja siku ya kwanza.

Plastiki tatu alizozijaribu zilikufa. Unyevu uliingia, herufi zikageuka madoa ya kijivu. Alibakiwa na plastiki ya kutengenezea moja tu.

"Na hiyo ikifa Jumamosi utakapoijaribu nguzoni, nataka chumba changu niweke magunia ya dagaa," alisema baba mdogo Alphonce. "Dagaa wangu nao wanaogopa maji, lakini angalau wanaliwa."

Dainess alichukua mojawapo ya zile zilizokufa, akashuka ufukweni kwa Bariki, fundi wa kuziba nyufa za maboti.

Bariki aliigeuza, akaipinda, akainusa. "Ukingoni umebana vizuri, dada. Waya umepitia wapi?"

"Hapa. Nimepaka gundi juu yake mara tatu."

"Juu!" Bariki akacheka. "Ningeziba boti hivyo, ungeshanizika pamoja na wateja wangu. Pamba naisokomeza ndani ya ufa kwanza, ndipo napaka. Maji hupita palepale ulipopitisha waya."

Aanze usiku huohuo? Hapana, alilala kwanza. Mikono iliyochoka haifai kwa kazi ile. Asubuhi alisokomeza gundi kuuzunguka waya, ndani, kabla ya kuzifunga karatasi, kisha akazikandamiza kwa pasi ya uvuguvugu.

Jumamosi aliizungusha nguzoni, na mvua ilinyesha tangu alfajiri. Gunia la mpagazi likaisukuma plastiki nguzoni, ikabonyea, ikarudi. Maji yakateleza juu yake hadi saa sita, na maneno yakabaki meusi: UPEPO MKALI. MSITOKE.

Alphonce alisimama mbele ya maandishi, shati limemganda mgongoni, akasoma kwa sauti. Akaizunguka nguzo, akasoma tena.

Halafu akawageukia wapagazi wake. "Hayo magunia pelekeni kwa jirani. Kwangu pana kazi."