Mshika Shuka

Mpiga pasi wa hospitali alikuwa na ugonjwa mmoja tu, na madaktari wote aliowapigia pasi makoti hawakuweza kumtibu: alipenda kupiga picha. Hakuwa mpiga picha wa harusi wala wa vitambulisho, na ukimwuliza anatoza kiasi gani alinuna siku nzima. Alipenda, basi. Kutwa alisimama katika chumba cha kufulia, mvuke ukimpiga usoni, akipitisha mashuka kwenye mashine ya pasi. Saa kumi ikigonga alivua aproni na kuvaa kamera shingoni hata kabla hajabadili viatu. Ilikuwa kamera ya dijitali iliyokwisha kutumiwa na wengine, kifuniko cha betri kimeshikizwa kwa plasta ya vidonda.

Alichopenda zaidi ni nyuso. Majirani walikuja uani kwake mmoja mmoja, wakakalishwa kwenye stuli na kuambiwa wasicheke. Na kwa kuwa uso wa binadamu una mashimo na vivuli vyake, alihitaji mtu wa kuutupia mwanga. Hapo ndipo kaka yake alipopata kazi asiyoiomba.

Kaka alimzidi miaka kumi na miwili. Wazazi walipofariki ndiye aliyemkorogea uji, akamnyoa nywele na kumsindikiza shule. Alipostaafu udereva wa lori, mkewe amekwisha kufariki na binti yake wa pekee ameolewa mbali, akahamia chumba cha pili kwa mdogo wake. Basi kila jioni alisimama kumkabili aliyekaa kwenye stuli, amenyanyua kwa mikono miwili shuka jeupe la hospitali lililokwisha kuchakaa, limefika kidevuni. Jua lilipiga shuka, shuka likarudisha mwanga usoni kwa mtu. Mtaa mzima ukamwita Mshika Shuka. Hakukasirika. Alisema amebebesha lori miaka thelathini, sasa naye amekuwa kamba ya kuanikia.

Mpiga pasi alikuwa mpole mpaka ashike kamera. Akishaishika hakuwa na mkubwa wala mdogo.

"Kaka, kushoto kunashuka. Inua."

Kaka aliinua. Baada ya muda kushoto kukashuka tena, naye akaambiwa tena, mbele ya watu, na mwaka wa mwisho aliambiwa kwa sauti ambayo mtu hamtolei aliyemlea. Jibu lilikuwa lile lile siku zote: "Samahani, mdogo wangu."

Picha zikishahamia kwenye kompyuta, kazi ya pili ilianza. Kiwiko cha kaka kikionekana pembeni, kilikatwa. Kidole, kilikatwa. Na hapa alifanya kosa ambalo fundi wa kulipwa asingelifanya: kila alipokata kingo alihifadhi juu ya picha ile ile ya mwanzo, kwa sababu hakupenda uchafu kwenye kompyuta yake. Kilichokatwa hakikubaki popote.

Kaka alifariki Jumatano asubuhi, ameinama anafunga kamba za viatu. Walisema ni moyo.

Binti alipiga simu kutoka njiani. Angefika Ijumaa, mazishi Jumamosi. Alilia, akanyamaza, kisha akaomba jambo moja tu. Miaka minne hajamwona baba yake. Alitaka picha yake ya siku hizi, aiweke mezani siku ya mazishi kisha aondoke nayo. Ile ya kwenye leseni ya udereva ni ya kijana mwenye nywele nyingi, wanawe hawawezi kumtambua babu yao humo.

"Kwako hazikosekani, baba mdogo."

"Hazikosekani, mwanangu," akajibu, na alikuwa anaamini.

Alhamisi aliketi mbele ya kompyuta tangu asubuhi. Picha elfu kumi na moja. Muuza mkaa alikuwamo, mwalimu mstaafu alikuwamo, hata paka wa jirani alikuwamo mara arobaini. Kaka hakuwamo. Ilipofika saa sita jasho lilikuwa linamtoka, na ilipofika saa nane alikuwa ameacha kubofya, ameduwaa tu. Aliona aibu, nayo haikuwa aibu ndogo. Mtu aliyesimama mbele yake kila jioni, hakuwahi kumgeuzia kamera.

Mbele yake ulikuwa umebaki uso wa mama wa fundi viatu, ajuza mwenye macho makubwa. Bila kufikiri aliukuza uso ule, akaukuza tena, mpaka jicho moja likajaa kioo kizima. Katikati ya mboni palikuwa na kipande cheupe chenye pembe nne. Juu ya kile cheupe palikuwa na kichwa.

Hakikuwa kikubwa, kama punje ya mchele, lakini ni cha kaka: kimeinamia bega la kulia kama alivyozoea. Mpiga pasi alicheka peke yake na machozi yakamtoka. Akafungua uso mwingine, jicho jingine. Yumo. Wa muuza mkaa, yumo. Kaka alikuwa ndani ya macho ya mtaa mzima.

Kisha akazipanga kwa tarehe, na kicheko kikamkauka. Katika zile za zamani shuka lilikuwa limenyooka kama kitanda cha wodini. Mwaka uliofuata kushoto kulikuwa kumeshuka kidogo. Katika picha za mwezi wa mwisho shuka lilikuwa limelala upande kabisa, mkono wa kulia umebeba peke yake.

Binti alipofika Ijumaa, mpiga pasi hakumficha kitu. Alimwonyesha jicho la ajuza, lile la mwezi wa mwisho, akamweleza alivyokuwa anamwambia kaka yake ainue. Aliyasema yote ameangalia sakafu. Binti alisogea mpaka uso karibu ugusane na kioo.

"Aliniambia kwenye simu mkono huo wa kushoto unakufa ganzi," alisema. "Nikamwambia si baba mdogo yuko hapo hapo hospitali, nenda naye. Akasema ataenda siku ambayo huna picha ya kupiga."

Siku ambayo mpiga pasi hakuwa na picha ya kupiga haikuwahi kuwapo.

"Naitaka hii," binti akasema. "Jicho tu."

Mpiga pasi akavuta kiti. Angalau hilo aliliweza. Alikata picha mpaka ikabaki mboni na kile cheupe ndani yake, na kwa mazoea ya miaka mingi mkono wake ukaenda wenyewe kuizungusha, ili kushoto kuinuke, shuka likae sawa. Binti akamshika kifundo cha mkono.

"Usiinyooshe, baba mdogo. Iache pale mkono wake ulipofika."

Akaiacha. Akaihifadhi peke yake, picha mpya, bila kufuta ile ya mwanzo.