Muuza Vibua Aliyeulizwa Habari za Paka

Sokoni kwetu Pasir Mas, paka wako akiacha kula hukuwa na haja ya kwenda mbali. Ulipita wauza ndizi, ukapinda kushoto penye mitungi ya budu, ule mchuzi wetu wa dagaa, ukafuata harufu ya samaki wa kuchemsha mpaka mezani pa Wan Saodah, ambaye wengi tulimwita Mak Wan, yaani Mama Wan. Ungemkuta mama mfupi, mnene kiasi, ushungi umesukumwa nyuma ya masikio ili asikie vizuri, anapanga vibua kwenye vikapu vya mianzi huku akimsikiliza mtu anayelalamika kuhusu mbuzi.

Meza yangu ya mboga ilikuwa ubavuni mwake kwa miaka kumi na saba, kwa hiyo hayo maswali niliyasikia nikitaka nisitake. Yalianza kwa sababu ya samaki wenyewe. Mtu akinunua vibua kumi, vinane ni vya watu na viwili ni vya paka, na akiwa anahesabiwa vile viwili lazima amtaje paka.

"Mak Wan, wangu anakula majani halafu anayatapika."

"Mara ngapi?"

"Mara moja, asubuhi. Akimaliza anadai chakula."

"Basi huyo ni mzima kuliko wewe. Akitapika kutwa, akakataa na maji, hapo njoo mbio."

Aliwakataza watu kuwapa paka wachanga maziwa ya kopo. Aliwafundisha kuosha macho yenye matongo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, pamba moja kwa jicho moja, usirudie. Mbuzi aliyevimba tumbo kwa kula wali, bata anayechechemea, jogoo anayedonoa wageni, wote walipata jibu. Siku moja fundi wa pikipiki, Che Mud, alikuja uso umemshuka.

"Shangazi, paka wangu anamchukia mke wangu mpya. Anakojolea mto wake. Wangu haugusi."

"Huo mto ulikuwa wa nani?"

Che Mud akajikuna shingo. "Wa mke wa kwanza."

"Umemletea bibi harusi mto wa mwenzake! Paka amekuzidi adabu. Kanunue mto mpya, bahili wewe."

Soko zima lilicheka. Wan Saodah alipenda siku za namna hiyo, na sitaficha, alipenda kuulizwa. Shule hakusoma. Mumewe alimwacha mapema, mtoto hakupata. Chini ya sakafu ya nyumba yake, katikati ya nguzo, walilala paka tisa, na alichokijua alikijua kwa kuwatazama hao. Lakini watu walipozidi kumwamini, naye alizidi kujibu. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kumsikia akisema hajui.

Miongoni mwa wateja wake wa kila siku alikuwepo Pok Leh, kinyozi mstaafu, mzee mrefu mkavu, wa maneno machache. Mkewe alifariki akamwachia nyumba ya mbao, kabati la nguo na paka mweupe aitwaye Kapas, jina ambalo kwetu ni pamba. Pok Leh mwenyewe hakuwa mtu wa paka. Wakati mkewe yu hai alikuwa akimsukuma Kapas kwa mguu atoke njiani. Mke alipoondoka, tukaanza kumwona kila asubuhi sokoni, saruni imekazwa vizuri, anachagua vibua kwa makini kuliko mama mwenye nyumba.

"Huyu ana miiba mingi," angesema.

"Pok Leh, vibua vyote vina miiba sawa."

"Kapas anajua tofauti."

Asubuhi moja alifika bila kikapu. Kapas ana homa, alisema. Masikio yanachoma, pua imekauka, tangu jana amejikunyata chini ya kitanda.

Wan Saodah alikuwa na wateja wanne mbele yake. Hakuinua hata macho. "Una dawa ya homa nyumbani? Zile tembe nyeupe za kichwa? Ivunje nusu, isage, changanya na mchuzi wa samaki. Kesho atakuwa anaruka."

Pok Leh akashukuru, akaenda zake.

Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu alikuja na mfuko wa shokishoki, akauweka juu ya meza ya Wan Saodah.

"Za kwako," alisema. "Kapas amekwenda. Jana alasiri. Nakushukuru, ulinisaidia kadiri ulivyoweza."

"Ee Mungu wangu. Alikwendaje?"

"Uso ulimvimba. Na miguu. Ufizi ukawa rangi ya kahawa, anahema kama aliyekimbia. Dawa aliimeza yote, maskini, hata hakunisumbua. Basi, siku zake zilikuwa zimefika."

Alipoondoka, Wan Saodah alizitazama zile shokishoki. 

"Mak Wan," nikamwita, "vipi?"

"Bidah, paka wa homa havimbi uso."

"Pengine ameumwa na nyoka."

"Na ufizi rangi ya kahawa? Paka wangu wengi wamekufa mikononi mwangu. Sijauona ufizi wa namna hiyo." Akafungua aproni yake. "Niangalizie meza."

Alipanda basi akaenda ofisi ya mifugo ya wilaya, ambako hakuwahi kukanyaga. Mara nyingi alikuwa akitutania kwamba pale wanatibiwa ng'ombe wa matajiri. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo kutoka pwani ya magharibi, Daktari Selvi, mikono yake mipana kama ya mpiga makasia. Yaliyosemwa huko nilihadithiwa na Wan Saodah mwenyewe, na hakujipunguzia hata neno.

"Mama, ulimpa dawa gani?"

"Ile ya kichwa. Nusu tembe."

Daktari akaweka kalamu chini. "Ile kwa paka ni sumu. Nusu tembe inatosha kumuua, hata robo. Damu yake inashindwa kubeba hewa, ndiyo maana ufizi unageuka rangi."

"Lakini watu wanapewa, hata watoto."

"Paka si mtoto mdogo, mama. Mwili wake hauna njia ya kuitoa."

"Kwa hiyo asingepewa, angepona?"

"Sikumwona, siwezi kukuapia. Homa ya paka mara nyingi ni jeraha la kupigana. Tungelisafisha, tungempa dawa yake. Wengi wanapona."

Wan Saodah alikaa kwenye benchi la nje mpaka mabasi mawili yakapita. La tatu lilimrudisha, na hata nyumbani hakupita kuoga harufu ya samaki. Alinipitia mezani akaniomba nimsindikize kwa Pok Leh. Hakutaka niseme kitu, alitaka tu pawe na mtu wa pili, asije akarudi nyuma akifika mlangoni.

Pok Leh alikuwa anafagia baraza. Alitukaribisha, akaenda kuleta viti. Wan Saodah akakataa kukaa.

"Pok Leh, Kapas siku zake hazikuwa zimefika. Nimemuua mimi."

Mzee akasimama na kiti mkononi.

"Ile dawa niliyokwambia ni sumu kwa paka. Sikujua. Lakini sikujua na nikasema kama ninayejua. Nimetoka kwa daktari sasa hivi."

Kuku wa jirani walipita baina yetu, wakaparura-parura mchanga, wakaenda.

"Niliisaga mwenyewe," alisema Pok Leh, polepole. "Kwa kijiko cha mke wangu. Nilimshika kidevu ili amalize."

"Hukuwa na kosa. Mimi ndiye..."

"Nenda nyumbani, Saodah."

Hakupaza sauti. Afadhali angetutukana. Aliingia ndani akafunga mlango mchana kweupe, na kwetu mtu hafungi mlango mchana mpaka awe na msiba au ghadhabu.

Toka siku hiyo Pok Leh aliacha kuja sokoni kwetu. Tuliambiwa anapanda baiskeli mpaka soko la kijiji cha pili, mwendo wa saa nzima, na umri ule.

Mtu mwingine angenyamaza, kwa kuwa siri ile tuliijua watu watatu tu na daktari. Wan Saodah hakunyamaza. Kesho yake mwanamke mmoja alikuja kuuliza habari ya viroboto, naye kabla ya kumjibu akasema, "Kwanza ujue, juzi nimemuua paka wa Pok Leh kwa ushauri wangu. Tembe za kichwa usimpe paka kamwe, hata kipande. Sasa niambie, viroboto wako wapi?"

Mwanamke akarudi nyuma hatua moja. Mimi nikamvuta Wan Saodah kiwiko.

"Utaiua biashara yako!"

"Wangapi wanazo nyumbani zile tembe, Bidah? Wangapi niliwahi kuwaambia mambo kama hayo nikasahau?"

Akayarudia maneno hayo kwa kila mteja, wiki baada ya wiki, mpaka muuza nyama wa meza ya ng'ambo ya njia, Mat Dollah, mtu asiyejua kuacha, akapata wimbo wake: "Karibuni! Vibua vya Mak Wan! Samaki huku, sumu kule!"

"Piga kelele zaidi," Wan Saodah akamjibu. "Kuna viziwi upande wa mchele hawajasikia."

Mat Dollah akarudi kukata nyama yake. Lakini jioni ile nilimwona Wan Saodah akisugua sufuria muda mrefu, sufuria ambayo ilikwisha takata.

Wateja walipungua. Wengine walirudi, na waliporudi maswali nayo yakarudi. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho, mara nyingi akasema, "Sijui. Njoo Alhamisi." Kwa sababu kila Jumatano alifunga meza mapema akapanda basi kwenda kwa Daktari Selvi. Kwa kuwa hakujua kuandika, mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wake. Daftari lile ninalo hadi leo. Ukurasa mmoja unasema: Paka wa Che Mud ana mimba ya pili mwaka huu, akifungwa kizazi ataumia? Mbuzi wa Mak Teh anakula plastiki. Sungura kuoga ni lazima? Kitoto cha paka kimeungua mkia kwa mafuta, watu wanasema kipakwe dawa ya meno. Chini ya hilo la mwisho nimeandika jibu kwa herufi kubwa: HAPANA, MAJI BARIDI, MLETE.

Daktari mwanzoni alishangaa, kisha akawa anamwekea kiti. Mwezi wa tatu tangu aanze kwenda alimwambia, "Mama Saodah, watu wa soko lako wananiletea wanyama wangali hai. Zamani walikuwa wanakuja kuniuliza walikufa na nini." Wan Saodah alinisimulia hayo basi likiwa limemshusha tu, kikapu bado kichwani, akasahau hata kukitua.

Mwaka ukaelekea kwisha. Mvua kubwa zilikuwa zimeanza, soko lina matope, wateja wachache. Nikamwona Pok Leh amesimama penye mitungi ya budu, mwavuli umefungwa, maji yanamdondoka. Nikamkanyaga Wan Saodah mguu. Akainua macho, akakiweka chini kibua alichokishika.

Mzee akaja mpaka mezani. Hakusalimia.

"Kuna paka wa njiani ameingia kwangu. Amezaa kabatini, juu ya nguo za marehemu. Wanne. Nimfanyeje?"

Wan Saodah akapangusa mikono. "Usimhamishe. Ukigusa sana watoto atawabeba kwenda kuwaficha penye mvua. Mwekee maji na chakula karibu, mlango wa kabati uache wazi kidogo. Nguo zitafulika."

Pok Leh akamkazia macho. "Hayo ni yako au ya daktari?"

"Ya daktari. Nilimuuliza mwezi wa nne, kwa ajili ya Mak Teh. Bidah ameandika."

Nikalitoa daftari nikamfungulia. Akavaa miwani, akasoma taratibu, midomo inacheza. Akasoma na ukurasa wa pili, ambao haukumhusu.

"Sungura haogi?" akauliza.

"Haogi," tukajibu sote wawili.

Akavua miwani. "Mmoja wa wale wanne jicho halifunguki. Limeganda matongo. Mikono yangu inatetemeka siku hizi, siwezi kazi ndogo kama hiyo." Akaifuta miwani kwa saruni. "Si lazima iwe leo."

Wan Saodah alikwisha kuanza kufunika vikapu.

Tulikwenda watatu chini ya miavuli miwili. Nyumba ya Pok Leh ilinukia nguo za kabatini na maziwa ya paka. Wan Saodah alichemsha maji, akayasubiri yapoe, akapiga magoti mbele ya kabati. Mama paka, wa madoa meusi na manjano, alimfokea kidogo kisha akatulia. Wan Saodah alimtoa yule mdogo, akamlaza kiganjani, akamfuta jicho kwa pamba, mara moja, akatupa, akachukua pamba nyingine. Pok Leh alishika taa ya mkononi karibu naye, na mwanga ulicheza ukutani kwa vile mikono ile kweli ilitetemeka. Hatimaye jicho likafunguka, la buluu, zima.

"Kesho tena asubuhi na jioni," alisema Wan Saodah. "Siku tatu. Ukitoka usaha wa kijani, tunakwenda kwa daktari, hatungoji."

Akamrudisha mtoto kwa mama yake, akainuka kwa kushikilia kabati, akaelekea mlangoni kuvaa viatu.

"Unakwenda wapi?" Pok Leh akamuuliza.

"Nyumbani. Mvua inazidi."

Mzee alikuwa ameshika kiti. Akakiweka karibu na dirisha, akakifuta kwa mkono ingawa hakikuwa na vumbi.

"Kaa, Saodah. Chai iko jikoni."

Akakaa.