Mawe Manne na Tairi la Kushoto

Mimi si mtu wa vinyongo. Nagombana, nafoka, nakunywa kahawa, yamekwisha. Lakini kwa tairi langu la mbele kushoto niliweka kinyongo miaka, na nilikuwa na haki yangu.

Miaka ya tisini, nje kidogo ya mji, palikuwa na kiwanda kilichokufa kikaacha barabara ya lami inayozunguka maghala yake. Mlinzi alikuwa mtu wa watu. Jumapili asubuhi alitufungulia geti, sisi wachache wenye magari ya nyumbani tukaenda kushindana. Magari ya nyumbani, msinicheke. Langu lilikuwa saluni kuukuu iliyotoka Dubai. Siku za kazi ilinipeleka bandarini nilikokuwa karani, na jioni ilibeba mikungu ya ndizi ya mama kutoka sokoni Darajani. Tulikimbia mmoja mmoja, kwa saa. Na saa ilishikwa na jirani yangu wa mtaani kwetu Mlandege, fundi saa, ambaye ndiye huyo huyo aliyekuwa akinishinda kila wiki. Hebu fikiri, mshindani ndiye mwenye saa! Lakini sikuwahi kumkamata na wizi. Alikuwa mwepesi kweli, na hilo ndilo lililoniuma.

Kona zote za pale zilikata kulia, kwa hiyo uzito wote wa gari ulililalia tairi la mbele kushoto. Lami yenyewe ilikuwa imechakaa, kokoto zimetoka nje, inakwangua mpira kama mbuzi ya nazi. Mara ya kwanza nilikimbia kama mwehu, mzunguko juu ya mzunguko. Nilipoteremka nikakuta tairi limeota vipele, kashata, yale meno ya mpira, zimeliwa upande wa nje, upande wa ndani bado nzima. Nikajifunza kwa hasara. Kabla ya kukimbia nilipunguza upepo kidogo, maana tairi likipata moto hujijaza lenyewe. Ukipunguza mno nalo, linalala ubavu kwenye kona na kujila. Mzunguko mmoja nilikwenda kwa nguvu, unaofuata taratibu, tairi lipoe. Breki nilishika mapema, gari likiwa bado limenyooka, na usukani niliuzungusha kwa upole, kwa sababu ukiukata ghafla tairi haliviringiki, linaburuzwa. Jumatatu nililihamishia nyuma, la nyuma likaja mbele.

Yote hayo niliyaweza. Nilichoshindwa ni mtaa.

Kwetu gari la mtu mmoja lilikuwa la wote. Pakiwa na harusi, mgonjwa au maziko, hakuulizwa mwenye gari. Aliulizwa mama yake. Ufunguo wangu ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na mama aliutoa kama anayetoa chumvi. Nilimbembeleza.

"Mama, waambie kwanza waniulize."

"Wakuulize nini? Mfiwa aombe ruhusa?"

"Tairi zinakwisha, mama."

"Zinakwisha kwa kuzungukazunguka kwako huko kiwandani. Kazi mbi si mchezo mwema, nshakwambia."

Fundi saa alikuwa na dawa yake. Kila Jumapili akirudi alilipandisha gari lake jekundu juu ya mawe manne, akafungua magurudumu na kuyaingiza ndani, chini ya kitanda. Mpita njia akiona gari liko juu ya mawe anasema, masikini, bovu. Nani ataazima gari bovu? Jumamosi jioni akalifunga tena magurudumu yake, kashata zimejaa, hazijaguswa na jiwe wala shimo. Mwenyewe akinitania kibarazani, "Wewe unahangaika na upepo, sheikh. Dawa ya tairi ni mawe."

Sikuweza kumuiga. Mama angeyapiga teke yale mawe siku ya kwanza.

Basi mlinzi akatwambia kiwanda kimepata mwenyewe mpya, geti litafungwa, tumebakiwa na Jumapili chache tu. Hapo nikajiapiza: nitamshinda fundi saa, hata mara moja, kabla geti halijafungwa. Nikatafuta tairi mbili nzuri pale pale Mlandege, za mtumba lakini nzima. Nikawa naenda kazini kwa miguu ili zisiguse njia bure. Ndizi za mama nikazibeba begani, watu wananicheka. Jumapili ya kabla ya mwisho nilimaliza, nikamwona fundi saa anaitazama saa yake, anaitikisa, anaitazama tena. Tulikuwa sawasawa. Usiku ule nililala usingizi wa mtoto.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka kazini nikakuta gari langu mlangoni, jeupe kwa vumbi toka juu mpaka chini. Ndani umejaa mchanga wa viatu. Nikachutama mbele kushoto. Ubavu wa tairi umechanwa, kashata zimemeguka vipande vipande. Vumbi lile nalijua. Ni la kipande cha mwisho cha njia ya Kizimkazi, cha mawe ya matumbawe yaliyochongoka, na Kizimkazi ndiko alikozaliwa mama.

"Nani amekufa?" nikauliza, sijatoa hata salamu.

"Shangazi yake mke wa fundi saa, Mungu amrehemu. Wamekwenda kuzika, washarudi."

"Wa fundi saa? Na gari lake?"

"Lake bovu, mwanangu. Hulioni liko juu ya mawe?"

Lahaula! Nilipiga ukuta kwa kiganja mpaka chokaa ikaanguka. Na kumbe naye alikuwamo, kakaa mbele, kwenye gari langu, anasikia tairi langu linavyochanika! Nilifoka siku ile maneno ambayo mtu hafoki mbele ya mama yake. Yeye akaendelea kuchambua mchele.

"Maiti hangoji tairi," akasema. "Na wewe umeshakula?"

Jumapili nilikwenda na spea, kipara kitupu. Kona ya pili gari liliteleza, likaingia majanini na kuzima. Fundi saa, mfiwa wa jana, akakimbia zake vizuri kabisa, kisha akanijia na uso wa huruma.

"Pole, sheikh. Tairi, eh?"

Nikaanza kulisukuma gari langu kutoka majanini. Geti likafungwa wiki ile. Kuanzia hapo kati yetu ilikuwa salamu aleikum, waaleikum salamu, basi, na mama akinisema kila Ijumaa kwamba jirani hanuniwi.

Miaka ikapita. Saluni nikaiuza. Mama akaugua, hakuugua sana, akatuacha alfajiri moja. Alikuwa ameusia azikwe kwao, Kizimkazi. Nilitoka nje kutafuta magari, sijui pa kuanzia, kichwa kimekufa ganzi. Mlangoni nikalikuta gari jekundu. Lilikuwa limesimama kwa miguu yake, na yale mawe manne yamesukumwa ukutani. Tairi zilikuwa mpya za dukani, vile vinyweleo vya mpira bado vinaning'inia. Nilijua ni za nini. Wenzetu walikuwa wamepata uwanja mwingine wa kukimbilia.

Fundi saa alikuwa ndani, injini inanguruma.

"Ingia," akasema.

Nyuma yetu lilifuata lori lenye jeneza na watu. Lami ilipokwisha, mawe yakaanza kugonga chini ya gari. Mimi na ujinga wangu, mama yangu amelala nyuma kule, nikasikia mdomo wangu unasema, "Taratibu bwana, tairi hizo!"

"Nyamaza," akasema. Hakupunguza mwendo.

Tulimzika kabla ya adhuhuri. Watu walinipa mkono wa pole, nikaitikia, macho makavu. Tangu alfajiri sikuwa nimetoa chozi na nilianza kujiogopa. Niliporudi penye magari nikamkuta fundi saa amechutama, kanzu kaifunga kiunoni, anatia jeki. La mbele kushoto. Ubavu umechanwa urefu wa kiganja.

Akaniona ninavyolitazama.

"Mama yako alinipa ufunguo siku ile hata sijamaliza kumwambia," akasema. "Na hila ya mawe yangu alikuwa akiijua. Aliniambia, nenda kazike, lako liache lilale."

Nikakaa chini pale pale kwenye matumbawe, nikalishika lile tairi, nikalia.