Mume Wangu Aliitangaza Siri Yangu Ndani ya Katuni

Admin, jina langu lifiche. Mtaa utaje tu, maana Munuki nzima hapa Juba ilijua mambo yangu kabla mimi sijajua kwamba wanajua.

Nina miaka thelathini, ni Msudani Kusini niliyekulia ukimbizini Arua, Uganda. Nilirudi Juba karibu na uhuru, kila mtu akirudi, nikaolewa hapa. Mume wangu ana ukumbi wa video na kazi yake ni kutafsiri filamu. Picha inakwenda, yeye ameshika maiki anawaeleza watu kwa Kiswahili na Kiarabu cha Juba, akiongeza chumvi yake. Ana kipaji, simnyimi. Shida ni kwamba Kiingereza hakijui, alisoma kwa Kiarabu. Mwalimu wake nilikuwa mimi. Mchana tunakaa chumbani, nasimamisha filamu, namweleza kila neno, halafu anakwenda kuwaeleza watu kana kwamba kazaliwa nayo. Ukumbini kwenyewe sikuwahi kuingia, kulijaa wanaume na moshi wa sigara.

Kulikuwa na katuni moja ya kuchekesha, sehemu nne. Mchawi mzee kachoka kuroga watu, anafungua duka la mikate, na jirani yake ni joka lenye mafua yasiyopona. Nimeirudia mpaka naijua kwa moyo. Sehemu ya kwanza ni tamu mwanzo mpaka mwisho. Ya tatu joka linaongea mno, na ya nne wangeiacha tu wapumzike. Lakini iliyoniudhi ni ya pili. Filamu nzima kuna mlango ambao mchawi hataki uguswe. Mnangoja, roho juu, mwishoni unafunguka, ndani kuna viatu vya zamani. Viatu jamani! Nikamwambia mume wangu, "Hapa wametudanganya. Watu watakudai kiingilio chao. Nani anaficha viatu miaka yote hiyo?"

Akaniuliza, "Basi mtu anaficha nini?"

Sijui nini kilinipata, nikamwambia. Nilizaa nikiwa na miaka kumi na sita, bado niko shule. Mama yangu alimchukua mtoto akamlea kama wake, na mtoto akakua akiniita dada. Nililia siku ile mpaka kichwa kikauma. Mume wangu alinifuta machozi kwa shati lake, akasema, "Hiyo kalam, hiyo maneno yako, inabaki hapa, ya mimi na wewe." Kwa neno hilo nikampenda upya.

Desemba ya 2013 risasi zilipoanza hapa Juba, nilikimbilia Arua kwa mama, yeye akabaki kulinda ukumbi. Mwaka uliofuata mama akafariki. Nikarudi Juba na yule msichana, nimwite Neema, sasa ana miaka kumi na nne. Mama alikufa bila kumwambia kitu, na mimi kila siku nasema nitamwambia kesho. Nilikuwa namngojea akue kidogo. Ukweli ni kwamba naogopa.

Jumapili iliyopita tulitoka kanisani, mume wangu akapitia Nyakuron kutafuta spika. Nikamwambia Neema tutazame ile katuni tucheke kidogo, huzuni zimetosha. Kwenye vitu vya mume wangu nikapata flashi. Kumbe ilikuwa imerekodiwa ukumbini, sauti yake juu na kelele za watazamaji. Nilifurahi, sikuwahi kumsikia akiwa kazini. Alivyoigiza lile joka likipiga chafya, Neema alicheka mpaka akashika mbavu.

Tukafika sehemu ya pili. Mlango ukafunguka, na mume wangu akapaza sauti: "Ndani iko mtoto, jamaa! Mtoto iko anamwita mchawi dada, kumbe mama yake! Alizaa yeye Arua, na sare ya shule!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtu mmoja akapiga kelele, "Si bibi yako huyo, wa Arua?" Naye akacheka, akajibu, "Kalas, basi, twende mbele."

Neema akanigeukia. "Dada, mbona picha inaonyesha viatu?"

Nikakimbia nje kuzima jenereta, nikasema mafuta yameisha.

Mume wangu aliporudi nilimrushia ile flashi kifuani. Akaiokota, akasema, "Malesh, samahani. Jina yako sikutaja. Na wewe mwenyewe ulisema hapo filamu ni mbovu, viatu haichekeshi. Mimi nilitengeneza." Nikamuuliza, ndio ukaitengeneza kwa mtoto wangu? Akasema vita imepita, nani anakumbuka katuni. Ni kweli, wengi waliocheka siku ile hawapo, wengine wako kambini, wengine wameuawa, na nikitaka kuwakasirikia naona aibu. Lakini yeye yupo. Anakula chakula changu, na ameniomba tena nimsaidie filamu mpya. Mtu niliyemfundisha kila neno alichukua neno langu moja la siri akalitumia kuwachekesha wanaume. Sijui kama nitaweza kulala tena karibu naye.

Lakini ndugu zangu, hilo la ndoa linaweza kungoja. La Neema haliwezi. Tangu Jumapili hajaniita dada. Hajaniita kitu kingine pia. Akitaka chumvi anasema "naomba chumvi." Akitoka anasema "natoka." Hanuni, hafanyi jeuri, anafanya kazi zake zote, ila hana jina la kuniita.

Nishaurini, hasa kina mama mliopitia haya. Nimwambie leo, au ninyamaze nikitumaini hakuelewa? Sasa hivi yuko uani anafua, namsikia. Nikimwita aje ndani, nimwambie anaitwa na nani?